Gunung Kawi: Mwamba na Maji

Nimekulia Mbarali, kwenye majaruba ya mpunga. Ndiyo maana nilipofika Tampaksiring, kisiwani Bali, Indonesia, nilitazama mifereji kabla ya hekalu la Gunung Kawi. Hadi leo naamini huo ndio mpangilio sahihi.

Mgeni hujifunga kikoi na mshipi kiunoni, kisha hushuka ngazi za mawe zaidi ya 250, mpunga ukiwa kulia na kushoto. Chini unapita mto Pakerisan, na kwenye kingo zake vimesimama vihekalu 10 vyenye kimo cha mita saba hivi: vitano mashariki, vinne magharibi, kimoja kimejitenga kusini. Vihekalu hivyo havikujengwa. Mafundi walichonga jabali kwa tindo mpaka umbo la hekalu likabaki ndani yake. Waliweza kwa kuwa mwamba wenyewe ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, hivyo unachongeka. Wenyeji husimulia kwamba jitu Kebo Iwa aliuchonga kwa kucha zake, usiku mmoja tu. Wanahistoria hutaja karne ya 11, enzi za ukoo wa Mfalme Udayana na mwanawe Anak Wungsu. Wapo wanaoviita vihekalu hivyo makaburi, lakini havina mifupa wala majivu ya maiti. Vilichongwa kuwaenzi wafalme na jamaa zao.

Sasa inua macho utazame mpunga. Maji yake yanagawiwa na subak, ushirika wa wakulima wanaotumia mfereji mmoja, utaratibu uliokuwapo tangu karne ya 9. Wanakutana kwenye mahekalu ya maji na kukubaliana nani apande lini. Majirani wakivuna na kupumzisha mashamba kwa pamoja, wadudu na panya hukosa chakula. Miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wapande mbegu mpya mfululizo, bila kungoja ratiba hiyo. Wadudu wakafurika, maji yakagombewa, na wengi wakarudia utaratibu wa wazee. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka mfumo huo, pamoja na bonde hili la Pakerisan, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwangu mimi, hekalu na shamba ni kazi moja. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya umati, na tafadhali usikanyage kingo za majaruba ili upige picha. Zikibomoka, maji ya mkulima yanamwagika.