Sura ya Nne: Kutengeneza Gemu kwenye Kompyuta ya Linux

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wenye kompyuta mpakato za mitumba halihusu namna ya kuchora mhusika wala namna ya kuandika kitanzi. Huwa ni hili: "Kaka, kwani Linux inaweza kutengeneza gemu?" Wengi wao hawakuichagua Linux kwa mapenzi. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo mashine nyingi za mitumba hazina. Fundi akaweka Ubuntu au Linux Mint, mashine ikafufuka, na mwenyewe akabaki na wasiwasi kwamba ameuziwa kompyuta nusu.

Jibu ni ndiyo, tena ni ndiyo ya siku nyingi. SDL, maktaba inayofungua dirisha, kupiga sauti na kusoma kibodi kwa niaba ya gemu, ilianzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Ikawa nguzo ya kazi za Loki Software, kampuni iliyokuwa ikihamishia gemu za Windows kwenye Linux. Loki ilifunga milango Januari 2002. SDL haikufa nayo. Pygame imejengwa juu yake, na LÖVE pia imejengwa juu yake. Balatro, gemu ya karata iliyotikisa dunia mwaka 2024, iliandikwa kwa LÖVE. Kwa hiyo anayesema Linux haina zana za gemu anacheza kila siku gemu zenye mifupa iliyokulia Linux.

Uvumi huu unatokana na kuchanganya kucheza na kutengeneza. Kucheza gemu kubwa za Windows kwenye Linux kulikuwa taabu kweli. Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, ilifika Linux mwaka 2013, Proton inayofungulia gemu za Windows kwenye Linux ikaja 2018, na mwaka 2022 Valve ikauza Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachoendeshwa na Linux. Hata leo baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu hukataa kabisa kufunguka. Hayo ni malalamiko ya mchezaji. Wewe unayetengeneza hayakuhusu.

Kuna ushirikina mwingine ambao umenichosha: wa kubadilisha distro, yaani matoleo mbalimbali ya Linux. Kijana anaweka Ubuntu Jumatatu, Fedora Jumatano, na Ijumaa ameshawekewa Kali kwa sababu ameona video ya mtu aliyevaa kofia ya sweta akiandika herufi za kijani. Kali imeundwa kwa ajili ya kupima usalama wa mifumo. Haina hata kitu kimoja kinachoifanya ifae zaidi kwa gemu, na wanaoitengeneza wenyewe hawaipendekezi kwa anayeanza Linux. Kisha kuna wale wanaouza "distro za gemu" kana kwamba jina kwenye mandhari ya skrini huongeza fremu. Injini ya gemu ni ileile, draiva ni zilezile, kompyuta ni ileile. Mchagua jembe si mkulima. Baki na ulichowekewa, kisha endelea na aya inayofuata.

Nilipanga sura hii iende kwa utaratibu: mashine, zana, gemu ya kwanza, halafu kuisambaza. Kuhusu mashine hakuna mengi. Kwa gemu ya pande mbili, RAM ya GB 4 inatosha, na kadi ya grafiki ya pekee si lazima. Wanaokuambia ununue kadi kwanza ama wanauza kadi ama hawajawahi kumaliza gemu.

Kuhusu zana, Unity na Unreal zina vihariri vya Linux, ila ni vizito kwa mashine tunazozizungumzia. Nakushauri Godot. Ilianzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 msimbo wake ukawekwa huru kwa leseni ya MIT, maana yake humlipi mtu chochote hata gemu yako ikiuza. Hilo si jambo dogo: Septemba 2023 Unity ilitangaza ada itakayotozwa kadiri gemu inavyosakinishwa, watu wakapiga kelele, na mwaka uliofuata ikaifuta. Godot ni faili moja. Unapakua, unafungua zipu, unabofya. Unapounda mradi mpya itakuuliza aina ya uchoraji, na hapa ndipo wengi wenye mashine za zamani hukwama: chagua Compatibility. Hizo nyingine mbili, Forward+ na Mobile, zinahitaji Vulkan, teknolojia mpya zaidi ya kuchora, ambayo chipu nyingi za Intel za miaka ya mwanzo ya 2010 haziiwezi sawasawa. Compatibility hutumia OpenGL 3.3, ambayo ni ya zamani zaidi. Nimewaona watu wakifunga Godot kwa hasira na kuilaani Linux kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

"Sawa," husema, "lakini nikitengenezea Linux nitacheza peke yangu." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mahali unapotengenezea gemu na mahali inapochezewa ni vitu viwili tofauti, na mfano ninaoupenda wa jambo hili ni gemu ya Doom.

Doom ilitoka Desemba 1993 kwa ajili ya kompyuta za DOS, zile za kawaida za maofisini. Lakini waundaji wake, id Software, hawakuitengenezea kwenye DOS. Waliitengenezea kwenye kompyuta za NeXT, mashine ghali za kampuni aliyoianzisha Steve Jobs baada ya kuondoka Apple. Katika maisha yake yote NeXT iliuza kompyuta zipatazo 50,000 tu. Zaidi ya hapo, Februari 1993, miezi kumi kabla Doom haijatoka, NeXT ilitangaza kwamba inaacha kabisa kutengeneza kompyuta. Fikiria: gemu iliyobadilisha tasnia nzima ilikuwa inatengenezwa kwenye mashine ambazo hata aliyeziunda ameshazitupa mkono! John Carmack na John Romero wa id walipenda NeXT kwa kuwa zilikuwa imara, zenye skrini kubwa na zana nzuri za kuunda programu. Kihariri cha ramani, DoomEd, kiliandikwa humo. Gemu yenyewe iliandikwa kwa lugha ya C, ikajaribiwa NeXT, kisha ikakompailiwa upya kwa ajili ya DOS.

Iliwezekanaje? Fungua msimbo chanzo uone. Kati ya makumi ya faili za C, zinazoanza na i_ ni tano tu: i_main.c, i_net.c, i_sound.c, i_system.c na i_video.c. Humo ndimo ulimo karibu ujuzi wote kuhusu kompyuta husika: mahali pa kuweka picha, jinsi ya kutoa sauti, jinsi ya kusoma vitufe, jinsi ya kuuliza saa. Kwingine kote, kwenye maadui, milango, risasi na ramani, msimbo haujui uko NeXT, DOS au Linux, wala hauulizi. Ukitaka kuhamia mashine nyingine unaandika upya hizo tano.

Na Linux ikaingia kwenye hadithi hii kwa mlango wa mbele. Msimbo ulipotolewa kwa umma Desemba 1997, ule uliotolewa ulikuwa wa toleo la Linux. Wa DOS ulitumia maktaba ya sauti ya mtu mwingine, na id hawakuwa na haki ya kuigawa. Mara nyingi unapoona video ya mtu akicheza Doom kwenye printa au kwenye kifaa cha ajabu, asili yake ni msimbo ule uliotoka Linux. Siku hizi kuna mradi uitwao doomgeneric ambao umelipunguza jambo hili zaidi: ili Doom ifunguke kwenye kifaa kipya unaandika kazi chache tu, za kujiandaa, kuchora fremu, kusubiri, kutaja muda na kusoma kitufe.

Turudi kwa Godot, maana Godot inakufanyia kazi ya faili zile tano. Kutoka kwenye Linux yako unatoa faili ya .exe ya Windows bila kumiliki Windows. Unatoa pia APK ya Android, ukishaweka zana za JDK na Android SDK, na Android ndiyo iliyo mifukoni mwa wachezaji wengi wa kwetu. Kinachokataa ni iPhone: huko lazima upite kwenye kompyuta ya Apple. Violezo vya kutolea gemu ni vizito kuliko injini yenyewe, basi vipakue penye Wi-Fi usije ukakimaliza kifurushi chako cha intaneti.

Sasa gemu ya kwanza. Iwe ndogo: mstatili unaotembea, unaoruka, na jukwaa la kurukia. Usianze na bao. Kete 64 na mashimo 32 vinaonekana rahisi kwenye karatasi, ila ukifika kwenye hatua za kunamua na mtaji utalia. Mstatili unatosha kukufundisha jambo ambalo watu hulisingizia Linux kila siku, nalo ni muda.

Mwanafunzi huandika hivi, katika kila fremu:

x = x + 5

Kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde, mstatili husogea pikseli 300 kwa sekunde. Kwenye skrini ya rafiki yake yenye fremu 144, husogea pikseli 720. Kwenye mashine iliyochoka inayotoa fremu 20, husogea 100. "Linux inachelewesha," anasema. Linux haikufanya kitu. Yeye ndiye aliyepima mwendo kwa fremu badala ya sekunde. Dawa inayojulikana ni kuzidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia:

x = x + 300 * muda

Wengi huishia hapo wakidhani wamepona. Kwa mwendo wa moja kwa moja, wamepona. Kwa kuruka, bado. Chukua mruko unaoanza na kasi ya pikseli 600 kwa sekunde, na mvutano wa 1200. Kwa hesabu za shule, kimo cha juu kabisa ni 150. Lakini kompyuta haikokotoi mkunjo mzima. Inaukata vipande, na katika kila kipande inapunguza kasi kwanza, ndipo inasogeza. Kwa vipande 60 kwa sekunde, mstatili unafika pikseli 145. Kwa vipande 20, unafika 135. Ukiweka jukwaa kwenye kimo cha 140, mwenye mashine nzuri atalifikia na mwenye mashine dhaifu hatalifikia kamwe, hata akibonyeza kitufe mpaka king'oke. Atasema gemu yako ni mbovu, na atakuwa amesema kweli.

Suluhisho ni kuutenga mwendo na uchoraji. Mwendo unakokotolewa kwa hatua zisizobadilika, na skrini inachora kila inapoweza. Doom ilifanya hivyo: dunia yake hupiga hatua 35 kwa sekunde kwenye mashine yoyote ile. Katika Godot, andika mwendo ndani ya _physics_process, ambayo kwa kawaida huitwa mara 60 kwa sekunde, na uiachie _process mambo ya mapambo. Mashine ikitoa fremu 20, Godot itapiga hatua tatu za mwendo kwa kila fremu, na mruko utabaki 145 kwa kila mtu.

Jambo jingine ambalo Linux hulaumiwa bure ni majina ya faili. Kwenye Windows, Mbuni.png na mbuni.png kwa kawaida ni faili moja. Kwenye Linux ni mbili. Anayetengenezea Windows huandika vyovyote, gemu inafunguka, halafu akiipeleka Linux picha zinapotea. Wewe unayeanzia Linux unakutana na kosa mapema, ukiwa mezani kwako. Tahadhari yako ni ya upande wa pili: usiwe na faili mbili zinazotofautiana kwa herufi kubwa tu, maana zikifika Windows moja itaifuta nyingine. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, na utenganishe folda kwa mkwaju wa kawaida (/). Mkwaju wa nyuma waachie Windows.

Kuhusu kusambaza, nitasema machache. Ukitumia violezo rasmi vya Godot, toleo lako la Linux litafunguka kwenye distro nyingi bila shida. Ukikompaili mwenyewe kwa C, kompaili kwenye mfumo wa zamani kiasi, kwa sababu programu iliyounganishwa na glibc mpya, maktaba ya msingi ya C, hukataa kufunguka penye glibc ya zamani, na mchezaji ataona ujumbe wa GLIBC_ fulani haijapatikana, asijue pa kuanzia. Kabla ya kumpa mtu toleo la Windows, liazimie kompyuta ya Windows ulijaribu kwa macho yako. Wine, inayofungulia programu za Windows kwenye Linux, husaidia, lakini haikupi uhakika.

Usiku huu, basi, usitazame video nyingine ya kulinganisha distro. Pakua Godot, chagua Compatibility, weka jukwaa kwenye pikseli 140, na usilale kabla mstatili wako haujasimama juu yake.