Sura ya Nne: Kuruka Huanza na Mbio

Siku ya michezo katika shule ya msingi hapa Kiritiri, mistari ya kukimbilia huchorwa kwa majivu juu ya udongo mwekundu, na shimo la kurukia hujazwa mchanga wa mtoni. Mtoto aliyeshinda mita 100 haachwi apumue: anaitwa shimoni akaruke. Walimu wanatafuta pointi tu, lakini wamegusa kiini cha fani hii.

Kuruka mbali ni mbio zinazoishia hewani. Mrukaji stadi hufika kwenye ubao wa kurukia kwa kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde, na mguu wake hauukanyagi ubao hata robo ya sekunde. Muda huo hautoshi kutafuta nguvu mpya. Anaondoka na kasi aliyokuja nayo. Ndiyo maana Carl Lewis wa Marekani hakuwa na kazi mbili. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 alitwaa dhahabu ya mita 100, mita 200, mbio za kupokezana vijiti na kuruka mbali. Ya kuruka aliitwaa tena mara tatu, ya mwisho Atlanta 1996, akastaafu mwaka uliofuata.

Kasi hiyo kwetu ipo tangu zamani. Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wa Kenya. Tumezoea kuhesabu mabingwa wa mbio ndefu, naye tukamsahau.

Kasi basi tunayo; kinachompoteza mtoto ni ubao. Una upana wa sentimita 20. Akiukaribia anainamisha macho kuutafuta, anakatakata hatua, na kasi yote inamfia pale pale. Aliyefundishwa hurefusha kidogo hatua ya pili kutoka mwisho, nyonga zikashuka. Ya mwisho huifupisha, akakita wayo mzima, akapaa akitazama mbele.

Mwalimu, dawa yake haina gharama. Msimamishe mtoto ubaoni, akimbie kinyume, akilipa shimo kisogo. Hesabu hatua 12, weka jiwe mguu wake unapoangukia. Rudieni mara kadhaa mpaka jiwe litulie mahali pamoja. Kesho aanzie hapo, na asiutazame ubao.