Mtoto Akishikwa na Hasira

Huko Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, akina mama wengi huenda ufuoni alfajiri kununua omena waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mtoto wa miaka 3 akimwona mama yake anaondoka, pengine hulia, hujitupa chini, hata akauma watu. Wengi husema kwamba amedeka, wakamchapa.

Lakini sababu si ukaidi. Sehemu ya ubongo imwezeshayo mtu kujizuia huchelewa kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Mtoto aliyejaa hasira au hofu hawezi kupokea mafundisho. Fimbo huweza kumnyamazisha, lakini humzidishia hofu.

Basi yafaa mzazi afanye hivi. Kwanza, atulie mwenyewe, kwa maana mtoto humwiga. Pili, aketi karibu naye, amzuie kwa upole asijiumize wala asiumize wengine. Tatu, amwambie, "Najua, mwanangu, umekasirika kwa sababu naondoka." Akishatulia, ndipo afundishwe.

Tena mama asitoroke kwa siri. Amuage mtoto, amwambie atarudi wakati gani, kisha atimize ahadi yake. Upole huu si kumpa mtoto kila anacholilia. Katazo na libaki katazo.

Wahenga walinena: Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja.