Mzaha wa kabila: unapoacha kuwa mzaha

Kila mkazi wa kaunti hii amewahi kuusikia. Kuna jamii inayosemekana kupenda pesa kuliko uhai wake. Kuna ya kujionyesha, kuna ya walafi, kuna ya wachawi, na kuna ile ambayo watu wake eti wanafaa kazi ya kulinda geti tu. Hatujataja jamii yoyote hapa, lakini wewe msomaji huenda umeshayajaza majina yote. Hukufunzwa darasani. Uliyapata kwenye matatu, sokoni, matangani na kwenye runinga, maana tangu enzi za Vitimbi na Vioja Mahakamani Wakenya wamekuwa wakichekeshwa na lafudhi za wenzao.

Si kila kicheko cha namna hiyo ni kosa. Waswahili wana neno utani, na utani una kanuni zake. Kule Tanzania, Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutoleana maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Lakini wote wawili wanajuana kuwa watani, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na kukiwa na msiba mtani ni miongoni mwa wanaotarajiwa kufika kusaidia. Hapa kwetu pia, babu na mjukuu hutaniana katika jamii nyingi. Mzaha wa ofisini unaomlenga mfanyakazi mmoja ambaye ni peke yake wa kabila lake hauna hata kimojawapo cha hivyo. Anacheka kwa sababu asipocheka ataambiwa hajui mchezo.

Kwa nini basi tunawapanga watu mafungu kwa wepisi hivyo? Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika Vita vya Pili vya Dunia akiwa mfungwa wa vita, alitumia maisha yake kutafuta jibu la swali hilo nchini Uingereza. Mwaka 1963, yeye na mwenzake waliwaonyesha watu mistari minane ya urefu tofauti. Mistari minne mifupi ilipopewa herufi moja na minne mirefu herufi nyingine, watazamaji walianza kuona pengo kati ya mafungu hayo kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Mistari haikubadilika. Kilichoongezwa ni jina tu.

Baadaye, katika matokeo aliyochapisha mwaka 1970, aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol mafungu mawili. Waliambiwa wamegawanywa kulingana na mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, ingawa kwa kweli waligawanywa kibahati tu. Walipopewa nafasi ya kugawa pesa kidogo, waliwapendelea wa fungu lao, hata kama hawakujua ni nani. Wengi walikubali fungu lao lipate kidogo, mradi lile jingine lipate kidogo zaidi. Ikiwa picha za ukutani zinaweza kufanya hivyo, fikiria jina la ukoo kwenye kitambulisho.

Akili ikishapanga mafungu hujilinda. Mtu wa jamii fulani akitulaghai, tunasema "ndivyo walivyo". Akitutendea wema, tunasema "huyu si kama wenzake". Mtu wetu akilaghai, tunasema ni shida za maisha. Kwa hesabu hiyo hakuna ushahidi unaoweza kuubadilisha mzaha, na ndiyo maana unadumu kizazi baada ya kizazi.

Madhara yake hayaonekani siku ya kucheka. Huonekana mwenye nyumba anapouliza jina la pili kabla ya kusema kama chumba kipo wazi, au barua ya maombi ya kazi inapowekwa kando. Na nyakati za uchaguzi maneno hubadilika sura. "Madoadoa" ni neno la kawaida tu mpaka linapotumiwa kwa majirani, na wakazi wa Bonde la Ufa wanajua lilikowafikisha. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Nchini Rwanda, redio ya RTLM ilipendwa kwanza kwa muziki na vichekesho vyake, kisha ikawaita Watutsi mende wakati wa mauaji ya mwaka 1994.

Katiba, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, lakini inasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki wala uchochezi wa kikabila. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hapa ndipo wengi hukosea: "nilikuwa natania" si kinga. Sheria haiangalii nia peke yake, bali pia kama maneno hayo ya vitisho au matusi, kwa hali yalivyosemwa, yangeelekea kuamsha chuki. Sheria hiyohiyo inakataza kumsumbua mtu kwa misingi ya kabila hadi akavunjiwa heshima, hata kama msumbufu hakukusudia.

Kuhusu ajira, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa katika kaunti. Mkazi akiuliza hesabu hiyo katika kikao cha umma, si uchochezi. Ni haki yake.

Ukitumiwa ujumbe wa chuki kwenye kikundi cha WhatsApp, usiusambaze hata kwa nia ya kuulaani. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na nambari ya aliyeutuma, kisha upeleke kituo cha polisi kilicho karibu au kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC). Kama jambo lenyewe ni mzozo wa majirani ambao haujafika hapo, anza na chifu au wazee wa mtaa.