Lori Lenye Winchi na Mizigo Mizito ya Milimani

Wasomaji wetu wakaao Morogoro mjini wamekwisha kulizoea lori lenye mkono wa chuma uliokunjwa nyuma ya chumba cha dereva. Wale wa juu, Mgeta, Matombo na Kinole, hawalioni kila siku. Na pengine wakiliona hulilaumu, kwa kuwa limekodiwa kwa fedha ya mchango, likafika, likatazama mahali, kisha likarudi mjini na mzigo wake ule ule. Twapenda kueleza chombo hiki kifanyavyo kazi, ili ijulikane nguvu zake zaishia wapi.

Zamani kipimo cha mzigo kilikuwa bega la mtu. Mpagazi alichukua ratili 60 hata 70, na kitu kisichoweza kugawanywa hakikwenda bara. Hata baada ya reli kufika Morogoro mwaka 1907 desturi hiyo haikwisha. Meli ile Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande ikatiwa katika makasha 5,000, yakapita kwa reli ya kati, akaja kuiunga fundi huko Kigoma, nayo ikashushwa majini Februari 1915. Jina lake la leo ni Liemba. Reli huchukua mzigo mzito, lakini huuacha stesheni. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nayo haipandi Uluguru. Kazi ngumu ni ile ya maili chache za mwisho.

Winchi za bandarini ni za zamani sana. Winchi ya kukaa juu ya lori, ikatumia injini ya lori lenyewe, ni ya juzi tu. Aliyeifanya biashara ni Eric Sundin wa mji wa Hudiksvall, Sweden, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mbao za kutelezea juu ya theluji. Alianzisha kampuni ya Hiab mwaka 1944, na mwaka 1947 ikatoa winchi yake ya kwanza ya lori iendeshwayo kwa mafuta. Si mafuta ya kuwaka. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta mazito katika mabomba, nayo mafuta, kwa kuwa hayashindiliki, husukuma pistoni ndani ya silinda, na mkono ukainuka. Dereva hana haja ya nguvu. Ashika vishikio vidogo tu.

Basi hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husikia kwamba winchi ni ya “tani 10”, wakadhani itainua tani 10 popote. Sivyo. Kila aliyewahi kuchukua mzigo kwa mzegazega ajua kwamba mzigo ule ule huwa mzito zaidi ukisogezwa mbali na bega. Winchi ni vivyo hivyo. Nguvu zake hupimwa kwa tani zilizozidishwa kwa mita. Ikiwa kipimo chake ni 10, kwa hesabu tupu itainua tani 5 penye mita 2, tani 2 na nusu penye mita 4, na penye mita 8 tani 1 na robo tu. Na kwa kweli hupungua tena, kwa sababu mkono wenyewe una uzito wake. Hesabu hii imeandikwa katika kibao kilichobandikwa karibu na vishikio. Mwalimu apaswa kukisoma kibao hicho pamoja na dereva. Wala dereva mwema hachukii kuulizwa.

Kwa hiyo mashine ya kusaga yenye tani moja, inayoinuliwa kwa wepesi kandokando ya lori, haivushwi ng’ambo ya mfereji mpana ikawekwa mlangoni pa kinu. Lori lisipoweza kusogea karibu, winchi haina faida.

Tena ziko zile nguzo mbili ziitwazo miguu, zinazochomolewa ubavuni na kukanyaga ardhi. Mkono ukinyoshwa upande mmoja, karibu uzito wote wa upande ule hukaa juu ya mguu mmoja, mahali pasipozidi upana wa sinia. Si lori libebalo mzigo wakati ule, ni ardhi. Nasi wa Uluguru ardhi yetu twaijua. Barabara ya kutoka Sangasanga kupanda Langali hata Tchenzema ilichongwa ubavuni mwa mlima. Kwa njia za namna hii, upande wa ndani ni udongo wa asili, bali upande wa nje, penye bonde, mara nyingi ni kifusi kilichomwagwa wakati wa kuchonga. Mguu ukiwekwa juu ya kifusi hicho, hasa baada ya mvua za masika, huweza kuzama ghafula, na lori likafuata mzigo bondeni. Yafaa mzigo ushushwe upande wa mlima ikiwezekana, na chini ya kila mguu ziwekwe mbao nene, pana, zilizopangwa kwa kupishana. Uwanja wa shule huonekana imara, kumbe pana shimo la choo cha zamani lililofunikwa udongo. Wazee hukumbuka lilipo; na waulizwe.

Hatari ya pili yatoka juu. Nyaya za umeme zipitazo vijijini nyingi ni za volti 33,000. Umeme wa nguvu hizo huweza kuruka kabla chuma hakijagusa waya. Winchi isifanye kazi chini ya nyaya kamwe. Ikiwa hapana mahali pengine, waombwe TANESCO kwanza wazime. Na ikitokea mkono umegusa, mtu asisogelee lori wala kamba ya mzigo, kwani ardhi yenyewe ina umeme. Aliye chumbani na akae humo mpaka umeme uzimwe. Lori likiwaka moto, aruke miguu yote miwili pamoja, asishike chuma huku akikanyaga chini, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuta nyayo.

Kijiji kinachotaka kuagiza mzigo na kifanye kazi hii kabla hakijatoa fedha. Mwalimu mwenye futikamba apime njia mahali pembamba kuliko pote, na kimo cha matawi na nyaya. Lori lina upana wa mita 2 na nusu hivi, lakini miguu ikichomolewa yataka mita 5 na zaidi. Muuzaji aulizwe uzito wa chombo, nao uandikwe katika karatasi. Tena ikumbukwe kwamba winchi yenyewe ina uzito wa tani moja, mbili au zaidi, hivyo lori hilo huchukua shehena ndogo kuliko lori tupu la ukubwa ule ule. Kwa saruji na mabati, ambavyo watu huvishusha kwa mikono, kulikodi ni hasara.

Siku ya kushusha, mtu mmoja tu ampe dereva ishara, si kijiji kizima kwa kelele. Mzigo ufungwe kamba ndefu ili asimame mbali mtu wa kuuzuia usizunguke. Watoto wakae mbali kuliko urefu wa mkono uliokunjuliwa.

Viko vijiji vya juu ambako lori haliwezi kufika kabisa. Huko mashine na ifunguliwe mjini na fundi yule atakayeiunga tena, kila kipande kipimwe katika mizani na kuandikwa uzito kwa chokaa, kisha winchi ivishushe mwisho wa barabara. Na kipande kizito kuliko vyote ndicho kiamue idadi ya watu watakaongojea pale na miti ya kubebea.