Kimya cha Anga, Kimya cha Darasa

Hulugho, kule Garissa mpakani na Somalia, husemwa ni mahali pa kimya, kana kwamba kimya ni umaskini. Wanafalaki hukitafuta kimya hicho. Antena 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018, zilisimikwa katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, mbali na kelele za redio na simu, ili zizisikilize nyota kwa pamoja kama sikio moja. Kenya nayo imo katika ubia wa Kiafrika wa mradi mkubwa zaidi, SKA.

Lakini mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe, wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa. Ndugu walimu, kimya cha anga ni mali. Kimya cha darasa la fizikia ni hasara. Mtoto wa mfugaji atazisikilizaje nyota pasipo mwalimu?