Mlenda wa Maua ya Njano: Utambue kwa Tunda

Mvua za mwisho wa mwaka zikishakolea Usukuma, kule Kishapu au Kahama, anayepalilia pamba hang'oi kila kilichoota bila kupandwa. Kuna mmea mdogo anaouchuma majani na kuyafunga kwenye pindo la kanga. Una maua madogo ya njano yenye petali tano, na majani yenye kingo kama msumeno. Jioni utapikwa kwa magadi kidogo na kuliwa na ugali. Huo ni mlenda, na mpishi hahitaji maelezo zaidi.

Mtaalamu wa mimea anayahitaji. Chungu hichohicho cha mlenda hupokea pia majani ya ufuta pori na ya Ceratotheca, mimea ya ukoo wa ufuta ambayo maua yake ni kama kengele za rangi ya zambarau au waridi. Ua la njano linaiondoa mimea hiyo mara moja. Mbigili nayo ina ua la njano la petali tano, lakini hutambaa chini, jani lake limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangana jozi kwa jozi, na miiba ya tunda lake anaijua kila aliyepita pekupeku. Ukishaiweka kando yote hiyo, unabaki na jenasi ya Corchorus, iliyopewa jina hilo na Carl Linnaeus mwaka 1753.

Kwa muda mrefu jenasi hii iliwekwa katika familia ya Tiliaceae. Mwaka 1998, uainishaji mpya uliotegemea vinasaba uliiingiza familia hiyo ndani ya Malvaceae, yaani familia ya pamba, bamia na mbuyu. Kwa hiyo huyu anayeitwa gugu katika shamba la pamba ni ndugu wa pamba yenyewe. Ute wa mlenda ni ndugu wa ute wa bamia. Mkole wa porini uko karibu zaidi: menya gome la mkole, kisha menya shina la mlenda lililokomaa, na katika yote mawili utapata nyuzi ngumu zinazofaa kufungia.

Ugumu unaanza ndani ya jenasi, kwa kuwa maua ya mlenda wa aina mbalimbali yanafanana mno. Hapa ndipo tunda linapotoa jibu. Chuma tunda lililokomaa, likate kwa upana, uhesabu vyumba. Corchorus olitorius, mlenda unaopandwa pia bustanini, una tunda refu la mviringo lenye mbavu kumi, vyumba vitano, na ncha moja iliyochongoka. Corchorus trilocularis kwa kawaida una vyumba vitatu, na ncha yake pia ni moja, imenyooka. Corchorus tridens nao una vyumba vitatu, ila tunda lake jembamba linaishia kwa vipembe vitatu vifupi vilivyotawanyika. Corchorus aestuans una tunda fupi lenye mabawa membamba ubavuni, na Corchorus fascicularis una vitunda vidogo vilivyosongamana pamoja.

Kama tunda bado, geuza jani uangalie chini kabisa, linapoungana na kikonyo. Katika olitorius, jino la mwisho la kila upande hurefuka na kuwa uzi mwembamba, kama masharubu mawili. Baadhi ya ndugu zake wanayo pia, hivyo dalili hii huthibitisha jenasi kuliko spishi.

Mbegu zinataka tahadhari. Majani ni chakula, lakini mbegu za mlenda ni chungu na zina glikosidi zinazoathiri moyo, kwa hiyo hazifai kuliwa. Ganda lake gumu huzifanya zilale ardhini muda mrefu bila kuota, ndiyo maana mlenda haumaliziki shambani hata ukipaliliwa kila mwaka. Anayetaka kuupanda huzichovya mbegu katika maji ya moto kwa sekunde chache ili ganda lilegee.

Mmea huuhuu una sura nyingine mbali na Usukuma. Nchini Misri majani ya olitorius ndiyo mboga maarufu ya molokhia. Nchini Bangladesh, shina lake hutoa nyuzi za juti za kusokotea magunia, na mwaka 2010 wanasayansi wa huko wakiongozwa na Maqsudul Alam walitangaza kwamba wamesoma jenomu yake.

Ukivuka kuelekea Geita, swali linabadilika: si tena ni mlenda gani, bali umeota wapi. Katika machimbo madogo kama ya Rwamagasa, dhahabu hunaswa kwa zebaki kisha huchomwa. Mvuke wa zebaki husambaa hewani, na majani ya mimea yana uwezo wa kuufyonza. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyorundikwa kando ya makarasha (mashine za kusagia mawe) nayo hutimua vumbi lenye metali, na mlenda huota popote ardhi ilipochimbuliwa. Kuosha kunaondoa vumbi, lakini hakuondoi zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Mlenda wa pembezoni mwa mwalo wa kuoshea dhahabu unaweza kuwa na vyumba vitano na masharubu yote mawili, na bado usifae kuliwa.

Anayetaka jibu la uhakika na achukue tawi lenye ua na tunda, alikaushe katikati ya kurasa za gazeti, kisha alipeleke kwa wataalamu, kama wale wa Hifadhi ya Taifa ya Mimea Mikavu jijini Arusha. Kwenye karatasi ya kila sampuli huandikwa jina la kienyeji, tarehe, udongo na mahali mmea ulipoota. Kwa mtafiti, mahali ni taarifa ya kawaida. Kwa mnunuzi wa fungu la mlenda katika soko la mji wa machimbo, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.